Rupia Yenye Tundu

Rupia yenye tundu ina shingo yake.

Ndilo neno alilolisema shangazi yenu Riziki jana, alipoiona ile baiskeli mliyoletewa uani kwa bei ya kutupa. Nyinyi mlitazama matairi, mkapiga kengele. Yeye aliinama akaona kile kitambaa chekundu kilichofungwa chini ya kiti, fundo la mkono wa mtu. Akasema neno lake akaingia ndani, nanyi mkabaki mnacheka, mnaulizana shingo inaingiaje kwenye baiskeli. Sasa mmekuja kuniuliza mimi. Haya, kaeni. Na wewe mwenye muwa, tafuna polepole nisikie ninachosema. Neno hili lina mahali lilipoanzia, na hapo lilipoanzia hapakuwa na mtu aliyecheka.

Zamani serikali ilipobadilisha pesa, rupia za wakati wa Mdachi ziliacha kununua kitu dukani. Ikaja shilingi. Lakini rupia zilikuwa za fedha, na fedha haiozi kwa kuwa serikali imeondoka. Zilibaki kwenye vibweta, kwenye pindo za kanga, nyingine zimefukiwa karibu na mafiga. Masonara wa mjini walizitaka wazitie motoni, wafue bangili za mikononi na mitali ya miguuni ya maharusi.

Upande wa Muheza, kijiji cha Kwamzinga, alikuwapo mtu aitwaye Semkiwa. Kazi yake ilikuwa kupita vijijini kukusanya rupia kuukuu na kumpelekea sonara mmoja pale Muheza, jina lake Lalji. Alikuwa na mfuko wa ngozi, mizani ndogo ya mkono, na mdomo wa kuchekesha watu. Akipewa rupia huidondosha juu ya jiwe na kuinamisha sikio. Ya kweli hulia mlio mrefu, ya bandia hugota kama kifuu. Sikio lake lilikuwa halikosei.

Sasa katika rupia zile zilikuwapo nzima, na zilikuwapo zenye tundu. Nzima mtu huiuza akaisahau. Yenye tundu ina habari yake.

Siku hizo mwanamke akizaa na kuzika, akizaa na kuzika, watu walisema kifo kimekwisha ujua mlango wake. Akija kuzaa tena, mtoto hakupokewa kwa vigelegele. Walimlaza kwenye ungo wakampeleka jaani, penye takataka, wakamwacha pale kidogo. Kisha mwanamke wa nyumba nyingine, ambaye watoto wake wamekaa, alipita kama mtu aliyepotea njia, akauliza, "Na hiki cha nani?" Mama akajibu, "Si changu. Ukikitaka, nunua." Yule mpita njia akatoa rupia, akamwinua mtoto na ungo wake. Tangu hapo mtoto ni wa aliyemnunua, na mama aliyemzaa ananyonyesha tu, kama mlezi. Rupia yenyewe ilitobolewa kwa msumari wa moto, ikatiwa uzi, mtoto akavikwa shingoni akae nayo mpaka meno ya utotoni yatakapong'oka. Kifo kikija kumtafuta mtoto wa fulani, kinamkuta mtoto wa mtu mwingine, na ushahidi unaning'inia shingoni. Ndivyo walivyoamini.

Semkiwa hakuwa mgeni wa jambo hilo. Mkewe Mwahija alizika watoto watatu. Wa nne alinunuliwa jaani na jirani yao Bi Kiangazi, mfinyanzi wa vyungu, na ndiye aliyempa jina. Alimwita Siwangu, ili mama yake akimwita awe anasema kila siku mbele ya kifo: si wangu. Wakati wa habari hii mtoto alikuwa akikimbia tayari, ila maneno yake machache. Rupia yake haikumtoka mdomoni. Alikuwa akiinyonya akiwa na njaa, akiinyonya akiwa na usingizi, hata ikawa na doa jeusi upande mmoja kwa mate na masizi ya jikoni kwa Bi Kiangazi.

Mtu wa namna hiyo ungetaraji azipitie mbali rupia zenye tundu. Lakini biashara ikikukolea, macho hutazama mkono tu. Semkiwa alijua saa ya kupita. Alipita asubuhi, wanawake wako shamba, wanaume wako barazani wanasuka kamba. Akikuta mtoto mwenye rupia shingoni, humsogelea baba yake na kucheka.

"Mtoto mwenyewe huyu mnene kama boga," husema, "kifo gani kitaweza kumbeba? Nipe hiyo, umfunge hii."

Hapo hutoa senti kumi ya serikali mpya, ile iliyokuwa na tundu katikati. "Tazama, hata kutoboa huna haja. Imekuja na tundu lake."

Kijiji cha Kilongo, kwenye nyumba yenye mpapai mlangoni, mtoto alikuwa amelala mkekani. Baba yake alitaka kumwamsha. Semkiwa akasema mwache, usimsumbue, akachomoa kisu kidogo akakata uzi pale pale shingoni. Mtoto hakufumbua hata jicho. "Mama yake akiuliza," alisema yule baba, "nitamwambia nimeipeleka kusafishwa." Wakacheka wote wawili.

Ikawa siku moja Lalji amepata kazi ya harusi ya watu wenye mali. Akamwambia Semkiwa, "Alhamisi nataka uzito wangu wote. Ukipungua, safari nyingine nitamwita mtu wa Korogwe." Na Lalji hakuwa mtu wa kusema mara mbili.

Alhamisi asubuhi Semkiwa alikaa uani kwake na mizani. Mwahija alikuwa amekwenda mtoni. Rupia zote alikuwa amezisugua kwa majivu na ndimu mpaka zikawa nyeupe pe, maana alipenda kumwaga mbele ya sonara kitu kinachong'aa. Akapima. Sahani ikashuka, ikasita, ikabaki juu kidogo. Akapima tena. Ikabaki pale pale. Ilipungua rupia moja.

Siwangu akaja akainama kutazama sahani. Rupia yake ikamtoka mdomoni, ikaning'inia juu ya zile nyingine, ikawa inabembea.

Semkiwa aliitazama inavyobembea. Alijiambia kwamba ni ya siku mbili tu, akirudi atamtafutia nyingine, nzuri zaidi, naye ataitoboa mwenyewe. Alijiambia kwamba mtoto mnene kama boga. Akachukua kisu.

Mtoto hakulia. Alipapasa shingo yake, mbele, kisha nyuma, kama mtu anayetafuta alipojikuna. Semkiwa akamfunga senti kumi. Siwangu akaitia mdomoni, akaitoa, akamtazama baba yake kwa muda mrefu. Semkiwa akainua uso akatazama banda la kuku. Kisha akaisugua ile rupia kwa ndimu. Doa jeusi likatoka, akatokea yule mfalme wa Wadachi aliyechorwa juu yake, mzungu wa kofia yenye ndege, mweupe kama wenzake. Akaitumbukiza mfukoni, akaenda.

Muheza uzito ulitimia. Lalji alimlipa, akamwambia moto utawashwa Jumamosi, mkaa bado haujafika. Semkiwa akalala mjini. Ijumaa akaamka mapema kurudi, na njia ya kurudi ilipita Kilongo.

Pale kwenye mabonde ya mpunga alikutana na watu wanatoka makaburini. Wachache, majembe mabegani, hawana jeneza, maana mtoto mdogo hubebwa mikononi. Akasimama kando ya njia.

"Poleni jamani," akasema.

"Tumepoa," akajibu mmoja.

"Nini?"

"Homa. Tangu juzi jioni ilimshika, jana hakuona jua likizama."

Semkiwa hakuuliza mtoto wa nani. Watu wakapita, wakageuka upande ule wenye nyumba ya mpapai. Yeye hakugeuka kutazama wanaingia wapi. Alikazana na njia, na kadiri alivyokazana ndivyo alivyosikia mfuko mtupu unavyompiga kiunoni, kila hatua unampiga, kama kuna mtu nyuma anayemgusa amwambie kitu. Akaufungua akautia kwapani.

Alipofika kwake mlango ulikuwa wazi na jikoni hakuna moshi. Hilo lilimtisha kuliko kilio. Kuku walikuwa wameingia ndani wanadonoa unga, hakuna anayewafukuza.

Mwahija alikuwa ameketi sakafuni, Siwangu mapajani. Kitambaa cha maji kipajini kwa mtoto kilikuwa kimekauka. Mtoto alikuwa anapumua haraka haraka kama kifaranga mkononi, macho nusu. Bi Kiangazi alikuwa amesimama dirishani, udongo umemkaukia mikononi mpaka kwenye viwiko.

"Tangu lini?" akauliza Semkiwa.

"Tangu jana ulipotoka," akasema Mwahija. Hakuinua uso. "Nilirudi kutoka mtoni nikamkuta anatafuta. Anapapasa chini ya mkeka, anapapasa kwenye majivu. Nikadhani kadondosha kitu. Jioni akawaka."

Senti kumi ilikuwa sakafuni, uzi wake umekatwa. Bi Kiangazi aliisukuma kwa dole gumba la mguu ikaenda kusimama mbele ya Semkiwa.

"Na hii ni nini, baba Siwangu?"

"Nilitaka kumbadilishia, Bibi. Ile ilikuwa imeingia weusi."

"Nimekuuliza hii ni nini."

"Ni senti."

"Nani aliitoboa?"

Semkiwa akaiokota akaigeuza.

"Sema. Nani?"

"Imekuja hivyo hivyo."

"Imetobolewa na mashine huko kwao, wala mashine haikuwa na mtoto," akasema Bi Kiangazi. Hakupandisha sauti. Alikuwa mtu wa kusema chini chini, na siku hiyo kila neno lake lilisikika mpaka kwenye makuti ya paa. "Mimi nilimnunua mtoto huyu. Wewe ulikuwapo, umesimama pale nyuma ya mgomba unajifanya huoni. Nilimtoa jaani nikamwita wangu, ndiyo maana hakutafutwa. Sasa umemrudisha kwa mama yake bila kuniuliza. Na mlango wa Mwahija, mwanangu, unajulikana."

Mwahija hapo ndipo alipoinua uso. Semkiwa alisema baadaye kwamba kama angetukanwa angepata nafuu. Mkewe alimtazama tu, kama mtu anayetazama mto ukijaa, anapima utafika wapi.

"Iko wapi?" akauliza.

"Kwa Lalji."

"Imekwisha yeyuka?"

"Moto ni kesho."

"Basi unasimama nini?"

Alirudi njia ile ile bila kunywa hata maji. Jua la saa saba lilikuwa kichwani, na njia yote ilikuwa kimya. Hakukimbia kila mahali, mtu mzima hawezi, alikimbia akatembea akakimbia. Alipofika Kilongo alizunguka kwa nyuma, kwenye matete, asiuone mpapai. Hata huko aliisikia sauti ya mwanamke. Si kilio. Alikuwa anaita jina, moja tu, kwa upole, kama mtu anayemwita mtoto aje kula. "Tupa. Tupa. Tupa." Hilo nalo lilikuwa jina la mtoto wa kununuliwa. Semkiwa akaziba masikio akapita, na hata alipoyazibua alikuwa bado anasikia.

Alipoona mabati ya Muheza, aliona na moshi. Ulitoka nyuma ya duka la Lalji, mweusi, umenyooka. Mkaa ulikuwa umewahi kufika.

Watu wa sokoni walimwona mtu mzima ameshika ukuta wa duka, anasogea kwa ukuta kama kipofu. Aliingia kwa Lalji bila hodi. Mivukuto ilikuwa inapumua, chungu cha kuyeyushia kimekuwa chekundu, na ndani yake fedha imelegea, inatikisika kama uji. Lalji alikuwa ameshika koleo.

"Zima moto," akasema Semkiwa.

"Moto wa sonara hauzimwi kwa neno. Kaa upumue, utaanguka."

"Zenye tundu. Zenye tundu umezitia?"

Lalji alimtazama uso, akatazama vumbi la miguu, kisha akaelekeza koleo kwenye mkebe uliokuwa juu ya rafu.

"Zile huwa za mwisho," akasema. "Baba yangu alifanya hivyo, na mimi nafanya. Zina kawaida ya kufuatwa."

Semkiwa aliuteremsha mkebe akaumwaga mezani. Zikalia, zikazunguka, zikalala. Zote nyeupe. Zote zina mzungu wa kofia yenye ndege, zote zina tundu.

"Ipi yako?" akauliza Lalji.

Aliinua moja, akairudisha. Akainua nyingine. Jasho lilikuwa linadondokea mezani. Sikio lake halikumsaidia, maana zote zilikuwa fedha ya kweli, zingelia mlio mmoja.

"Sijui," akasema.

"Mara ngapi nimekwambia usizisugue, moto utazisafisha wenyewe?" Lalji alitikisa kichwa. "Unaosha uso wa kitu kabla hujamjua mwenyewe. Chukua zote. Lakini mimi nimekwisha toa fedha yangu, na bibi harusi anangoja. Utaniachia nini?"

Malipo ya jana yalikuwa kwenye fundo la shuka. Semkiwa akalifungua akaweka lote. Halikutosha, maana alikuwa amekwisha nunua chumvi na mafuta ya taa. Akaivua mizani iliyokuwa bado inaning'inia begani akaiweka juu. Lalji akaitazama mizani, akamtazama yeye.

"Hiyo ukiiacha, kesho utafanya kazi gani?"

"Sijui hilo nalo," akasema Semkiwa, akatoka na mkebe kifuani.

Jua lilikuwa limelalia mashamba ya katani alipofika Kwamzinga. Siwangu alikuwa hajafumba macho, wala hakuwa anaona. Ukimwita hakugeuka. Bi Kiangazi akapokea mkebe, akasogea mlangoni kwenye mwanga, akazitandaza rupia juu ya ungo. Akainua moja, akainua nyingine. Mikono yake ikaanza kwenda haraka.

"Yangu ilikuwa na doa," akasema. "Huku, upande wa ndege. Doa liko wapi?"

"Nilisugua, Bibi."

"Zote?"

"Zote."

Bi Kiangazi akakaa kitako. Kwa mara ya kwanza siku ile alionekana mzee. "Ukimvika ya mwingine," akasema, "umemuuza kwa mtu asiyemjua. Mimi siwezi kubahatisha. Sithubutu."

Humo ndani hapakusikika kitu ila zile pumzi fupi za mtoto, na kila moja ilikuwa kama itakuwa ya mwisho, kisha inakuja nyingine.

Mwahija akasema, "Nipeni ungo."

Akauweka ubavuni. Akachukua rupia moja akaitia kwenye kiganja cha Siwangu, akavikunja vidole. Vidole vikafunguka, rupia ikaanguka. Akatia nyingine. Ikaanguka. Nyingine. Semkiwa alikuwa amepiga magoti nyuma yake, na kila rupia ilipogonga sakafu alisikia kama ni yeye anayegongwa. Zikaanguka mpaka zikabaki chache, na zile chache zikaanza kwisha. Mwahija hakuharakisha. Alitia, akakunja, akangoja.

Kuna moja aliyoitia, vidole vikabaki vimekunjwa.

Mkono wa mtoto ulilala kidogo, kisha ukainuka, unayumba, ukatafuta mdomo ukaukosa, ukagonga kidevu, ukaupata. Siwangu akaitia rupia mdomoni akainyonya, macho yakafumba. Bi Kiangazi akaja akaufunga uzi mwenyewe, mafundo mawili, midomo inamcheza. Kabla hakujawa giza mtoto alianza kutoka jasho. Kulipokucha aliomba maji.

Semkiwa alikuwa ameegemea ukuta. Alidhani yamekwisha. Mwahija alikuwa anaokota rupia zilizotawanyika sakafuni, anazirudisha kwenye mkebe moja moja.

"Na hizi?" akauliza.

"Hizi nini?"

"Hizi, baba Siwangu. Kila moja ina mwenzake kama huyu."

Hapo Semkiwa akaikumbuka ile sauti ya Kilongo.

Akatoka na mkebe. Safari hii hakuweza kupita asubuhi, kwa kuwa wanaume walioziuza wasingezijua. Alipita jua likishuka, wanawake wamerudi. Nyumba ya kwanza mwanamke alimwangalia akaweka kuni chini. "Kumbe hata wakati tupo unaijua njia," akasema. "Nilidhani miguu yako ni ya asubuhi tu." Wengine walimmwagia maneno yasiyosemeka mbele ya wajukuu. Mmoja alimmwagia pumba. Yeye alimwaga rupia kwenye ungo, akainama, akangoja. Wakazijua. Huyu alijua kwa tundu lililopasuka ukingo, huyu kwa msumari mnene, huyu alimwita mtoto, na mtoto akachukua yake bila kuulizwa. Nyumba baada ya nyumba mkebe ukapungua sauti.

Kilongo aliiacha. Alipita mara ya kwanza akasema kesho. Akapita mara ya pili akasema watu wako msibani. Mpaka mkebe ukabaki na rupia moja, nayo ikawa inagonga bati, ko, ko, kila hatua, hata kama alitembea taratibu.

Mama Tupa alikuwa ameketi chini ya ukuta wa nyumba yake anachambua kunde. Mumewe alipomwona Semkiwa aliinuka akaingia ndani, akafunga mlango. Mama Tupa hakuinuka.

"Nimekuja, dada," akasema Semkiwa.

"Nimekuona."

Akamnyooshea mkebe. Mwanamke akaitoa rupia, akaingiza ukucha wa kidole cha mwisho kwenye tundu, akauzungusha.

"Kombo," akasema. "Mama mkwe wangu ndiye alimnunua. Haoni vizuri. Aliitoboa kombo, tukamcheka." Akauzungusha tena ukucha. "Siku uliyokuja, alikuwa amelala?"

"Alikuwa amelala."

"Hakuamka ulipokata?"

"Hakuamka."

Mama Tupa akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepata kitu alichokuwa anakitafuta. Akafungua pindo la kanga akatoa kipande cha uzi. Ulikuwa uzi ule ule wa mtoto, ameuunga pale ulipokatwa, ameuongeza na mwingine ukawa mrefu. Akaupitisha kwenye tundu.

"Inama," akasema.

Semkiwa akadhani hakusikia vizuri.

"Inama, kaka. Rupia yenye tundu ina shingo yake. Hii yangu, shingo yake ulikuta Ijumaa watu wametoka kuizika, ukasema poleni, ukapita. Siwezi kuiweka kibwetani, na motoni hutaipeleka tena. Basi itakaa kwako."

Akapiga magoti kwenye maganda ya kunde. Vidole vya yule mwanamke vilikuwa baridi kisogoni mwake, vikafunga fundo la kwanza, vikafunga la pili. Rupia ikagusa kifua. Alisema maisha yake yote kwamba haikupata joto upesi kama fedha nyingine.

"Niivae mpaka lini?" akauliza.

"Kama wenzako," akasema Mama Tupa, akarudia kunde zake. "Mpaka meno yako yang'oke."

Msiniulize kama ni rupia au ni homa. Mwaka ule homa ilipita nyumba nyingi, hata zenye watoto wasionunuliwa. Mimi sijui, na Semkiwa hakujua, na huko kutojua ndiko kulikomkondesha. Alikwenda kuwa mkata katani. Siwangu alikua, meno ya utotoni yakang'oka, rupia yake ikarudishwa kwa Bi Kiangazi kama ilivyo desturi. Baba yake akabaki na yake. Wageni walipomwona mtu mzima mwenye ndevu amevaa kitu cha mtoto walicheka, wakamuuliza amenunuliwa na nani. Yeye hujibu neno lile lile la Mama Tupa, hazidishi. Vijana wakalichukua, likatembea kuliko alivyotembea yeye. Akazeeka, akawa kibogoyo, hana hata gego la kutafunia ugali, watu wakamwambia sasa vua, siku zimetimia. Akasema aliyeifunga amekwisha kufa, nani mwingine atamfungulia. Wakamzika nayo.

Basi nendeni uani mkaitazame tena ile baiskeli. Msianze na matairi. Anzeni na kile kitambaa chekundu, mkalishike lile fundo, mkajiulize mkono uliolifunga uko wapi sasa hivi na unatafuta nini chini ya mkeka. Kisha mkamuulize aliyeiuza kaipata wapi, mkamuulize mchana, watu wakiwapo.

Rupia yenye tundu ina shingo yake.